Jumamosi tuliyotupa majani

Jumamosi, jua limeshazama. Baridi ya mwezi wa sita, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba.

Tumerudi wote. Acha nianze na hilo, kwa sababu mchana kulikuwa na kitambo ambacho sikuwa na hakika kama nitaweza kuandika hivyo.

Gauni langu limetundikwa juu ya moto na linanuka moshi. Mama ameniwekea bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, na kila akipita ananitazama kama anavyomtazama ng'ombe aliyepotea akarudi mwenyewe. Hasemi kitu. Nami nimejifunika blanketi, naandika kabla usingizi haujanichukua.

Moyo wangu umejaa shukrani, na pembeni kidogo kuna wivu. Nitaandika yote mawili. Nikiandika shukrani peke yake nitakuwa nimedanganya.

Chama chetu hakina jina kubwa. Watu wa hapa Nkoaranga wanatuita "wale wasichana wa kutembea bure", na sisi wenyewe tunajiita Chama cha Jumamosi. Kilianzishwa na Bibi, mke wa mchungaji wetu Mjerumani, mwanamke mrefu aliyeikumbuka milima ya kwao hadi akashindwa kukaa ndani. Kila Jumamosi alichukua fimbo yake yenye ncha ya chuma, akatukusanya wasichana wa shule ya misheni, tukapanda. Hatukwenda sokoni wala kuteka maji. Tulipanda hadi kwenye uwanja wa nyasi ulio ukingoni mwa msitu, tukakaa, tukaimba, tukatazama kilele cha Kibo kama mawingu yameridhia, kisha tukashuka.

Mwanzoni hata mimi nilidhani ana wazimu kidogo. Huku kwetu mtu akitembea ujue ametumwa. Kaka yangu amebeba mizigo ya Wadachi, hao Wajerumani wa boma, hadi Moshi, bega likachubuka, na mpaka leo akivaa shati anakunja uso. Wanaume wa majirani wanaitwa kwenda kuponda mawe ya barabara ya boma la Arusha, wapende wasipende. Sasa mtu anapokuambia "njoo tutembee tu", unamwangalia mara mbili. Lakini siku ile ya kwanza nilipokaa pale juu, mikono mapajani, hakuna anayeniita wala kunituma, machozi yalinitoka na sikujua yametoka wapi. Tangu hapo sikukosa hata Jumamosi moja.

Halafu Bibi aliugua kifua, akarudishwa kwao Ulaya. Asubuhi ya kuondoka alinishikisha ile fimbo. "Sasa ni wewe, Rebeka," akasema, akapanda kwenye machela, basi. Tangu siku hiyo watu wananiita mwalimu.

Na sasa mimi naondoka.

Yakobo, mchumba wangu, amepewa kazi ya uinjilisti upande wa machweo wa mlima, kwa Waarusha. Tukishafunga ndoa mwezi ujao nitamfuata huko. Nafurahi kuolewa, isije ikaonekana nalalamika. Ila mchungaji aliniita, akaniuliza, "Ukienda, nani atawarudisha watoto wa watu nyumbani, wote?" Akasema basi chama kipumzike kwanza. Ninamjua mchungaji wetu. Kitu akikipumzisha hakiamki tena. Hata kengele ndogo ya shule aliipumzisha, na sasa kuku wanataga ndani yake.

Nikamwomba anipe muda nifundishe viongozi. Akakubali, kwa sharti lake: leo niende, lakini nisiongoze. Wakirudi wote chini ya mtu mwingine, chama kinabaki. Akikosekana hata mmoja, kimekwisha.

Sharti la pili lilikuwa la akina mama, na hilo ni kongwe kuliko la mchungaji.

Ng'ombe wetu tunawafuga ndani, maana chini ya migomba hakuna pa kuchungia, na majani wanaletewa na wanawake. Msichana kutoka nyumbani tangu asubuhi akarudi mikono mitupu, hakuna mama wa Kimeru atakayelimeza hilo. Bibi alibembeleza wee, nyumba hadi nyumba, akachoka. Mama yangu ndiye aliyetoa shauri: waende na mundu na ukanda, wakishuka wabebe majani. Kwa hiyo kila msichana anakuja na ukanda wa ngozi wa mama yake, ule wa kufungia mzigo, na jioni tunateremka na matita kichwani kama watu wenye akili zao. Majani ndiyo ruhusa yetu. Mama yake Salome alinikumbusha Jumapili iliyopita mbele ya kanisa, kidole chake kikiwa karibu na pua yangu. "Siku moja tu, mwalimu. Mrudi mikono mitupu siku moja tu, uone kama nitamtoa tena mwanangu."

Na huyo mwanawe ndiye niliyemchagua.

Ni kweli, ningeweza kuchagua mtu mwenye mama mpole. Lakini kiongozi wa kazi isiyo na malipo, usiyempa hata chumvi kidogo ya kupeleka nyumbani, humchagui kwa urahisi wa mama yake. Unamchagua yule anayefika mapema kuliko wewe. Salome alikuwa anafika mapema, anawapigia kelele waliochelewa, anamcheka kila mtu na yeye mwenyewe akiwemo. Ana miguu ya mbuzi na sauti ya kuamsha kijiji. Kasoro yake moja: akishashika njia, anasahau kwamba nyuma kuna watu.

Nilimtaka pia Marta, binti mtulivu ambaye huwezi kujua yupo mpaka umhitaji. Mwanzoni nilitaka yeye ndiye awe wa mbele na Salome awe msaidizi. Marta alinikatalia kwa heshima zote. "Nikiwa mbele siwaoni, mwalimu. Niache nyuma, huko ndiko ninakofaa." Nilikasirika siku mbili tatu kwa sababu alikuwa ameuvuruga mpango wangu. Kisha nikaona kwamba tangu zamani yeye ndiye aliyekuwa akiwaokotea wenzake miundu iliyosahauliwa, na hakuna aliyemwambia.

Kuwafundisha kumenitoa jasho. Mwanzo nilifanya kosa la walimu wote: nilisema. Nikasema njia, nikasema mwendo, nikasema mahali pa kupumzika, wao wakaitikia "ndiyo mwalimu", na nikinyamaza wanasimama. Ikabidi nijikate ulimi. Nikamwachia Salome kipande cha kutoka misheni hadi mtoni, halafu Jumamosi nyingine kutoka mtoni hadi msituni. Njia nzima ninatafuna muwa ili kinywa kiwe na kazi. Yakobo alipoambiwa habari hiyo alicheka sana, akasema atapanda shamba zima la miwa tukishaoana.

Jambo moja tu sikuacha kulisema: geuka nyuma kila kona. Salome anaitikia, anatembea kona mbili akigeuka, ya tatu amesahau.

Leo asubuhi kulikuwa na jua zuri la kudanganya. Nilimkabidhi Salome fimbo mbele ya wote, akaipokea kama mkuki. Mchungaji alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Nikaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari, karibu na Marta, nikatia muwa mdomoni.

Jamani, kutembea nyuma ni kazi! Mgongo wa mtu wa mbele yako ndio dunia yako yote. Sikujua. Miaka yote nimetembea mbele nikidhani wanaofuata wanaona nilichokiona mimi.

Salome alianza mbio, kama nilivyoogopa. Hata kabla ya mto wadogo walikuwa wanahema, na Eva, mdogo kuliko wote, binti wa fundi seremala wa misheni, alishaanza kuchechemea. Nilitafuna muwa kwa hasira mpaka meno yakauma. Nikasema moyoni, basi, chama kimekufa na hatujafika hata mtoni.

Marta akaita mara moja tu, bila ukali. "Salome, geuka."

Salome akageuka. Akaona. Akarudi chini mpaka kwa Eva, akamshika mkono, akampeleka mbele, akamweka nyuma yake yeye mwenyewe. "Utanifuata hapa," akamwambia, "na nikikimbia univute gauni." Kuanzia hapo tulikwenda kwa mwendo wa Eva, na Eva alilivuta lile gauni hadi nikadhani litachanika. Nami sikuwa nimesema neno.

Juu kulikuwa kweupe. Kibo ilikuwa wazi upande wa macheo, nyeupe tupu, na huku chini mabondeni mashamba mapya ya Wazungu yamekatwa kama mikate. Tuliimba. Tulicheka. Mmoja aliiga mahubiri ya mchungaji, na mimi mwalimu nikajifanya sisikii. Kisha wakakata majani, na majani ya juu kule ni laini, marefu, mama yeyote angefurahi. Kila mmoja akafunga tita lake kwa ukanda wake, tukajitwisha.

Nilimshukuru Mungu mapema mno.

Ukungu wa mlima huu haupigi hodi. Tulikuwa tumeingia msituni hatua chache tu, ukashuka wote kwa mara moja, na manyunyu juu yake. Nilimwona Marta, na aliyemtangulia Marta, kisha basi. Na tita la majani kichwani likilowa linaning'inia mpaka machoni. Unaona visigino vya mwenzio, na vikisogea kidogo tu huvioni tena. Tena kule kuna njia za nyati zinazokatana na njia yetu, pana na zimekanyagwa vizuri kuliko yetu, na mtu anaweza kuifuata moja akidhani anakwenda nyumbani.

Mbele sauti ya Salome ikasema simameni. Akataka kila mtu ataje jina lake, kuanzia mbele. Majina yakaanza kuja kutoka kwenye ukungu, moja moja, mengine yakitetemeka. Yakanifikia mimi. Nikasema "Rebeka". Hapo sote tukajua ni jina gani hatukulisikia.

Eva.

Nilimwona mama yake akiwa amesimama kwenye migomba anangoja. Nilimwona mchungaji na mikono yake nyuma. Nilitaka kutupa kila kitu nikimbilie msituni nikiita, na ningefanya hivyo, na wote wangenifuata wakitawanyika, leo tungekuwa tunatafuta watu kumi badala ya mmoja. Salome hakukimbia. Alisema, "Mtu asiondoke alipo. Nyamazeni, nisikie." Akaita, "Eva! Vuta gauni!"

Na mahali fulani upande wa kushoto, si mbali hata kidogo, mtoto akaanza kulia.

Alikuwa ameliachia gauni la Salome tita lilipofumuka, akaketi kwenye njia ya nyati, anahangaika kulifunga upya kwa vidole vilivyokufa ganzi. Salome alimfuata huku mkono wake mmoja umeshikwa na aliyekuwa karibu naye, na huyo ameshikwa na mwingine, mpaka akamfikia. Alipomuuliza kwa nini hakuita, Eva alisema aliogopa kuacha majani ya mama yake. Aliona tunapita. Alituona! Akaona afadhali abaki afunge majani kwanza.

Hapo ndipo Salome aliposema lile neno.

"Tupeni majani."

Hakuna aliyesogea. Mmoja akasema mama ataniua. Mwingine akasema wa kwangu hatanitoa tena. Salome akalishusha tita lake mwenyewe, kubwa kuliko yote, akalisukuma chini ya mti kwa mguu. "Mikono yote naitaka," akasema, "na macho yote. Nipeni na kanda."

Naandika ukweli. Nilifungua kinywa kumkataza. Muwa ulikuwa umekwisha zamani. Nilikuwa nafikiria kile kidole mbele ya kanisa. Nilikuwa nafikiria kwamba huyu msichana anakiua chama changu mbele ya macho yangu, chama alichoniachia Bibi, kwa neno moja. Nilikuwa nataka kusema tutembee polepole tu, na majani yetu. Kabla sijasema, tita la Marta likaanguka pwaa, kisha jingine, kisha yote. Nikabaki mimi peke yangu na majani kichwani kama kichaka.

Nikalishusha.

Kwa hiyo sikunyamaza kwa busara. Nilichelewa tu. Namshukuru Mungu kwa kunifanya mzito wa kusema, kwa mara ya kwanza na labda ya mwisho maishani mwangu.

Salome na Marta walizifunga kanda zote, ncha kwa ncha, ukawa ukanda mmoja mrefu, na kila mtu akashika mahali pake. Na unajua wazo langu la pili lilikuwa nini? Kanda! Ngozi iliyolowa ukiipiga fundo haifunguki vizuri, na ikikaukia hapo hapo haifunguki kabisa, ni kuikata kwa kisu. Kila mwanamke wa huku analijua hilo tangu akiwa mtoto, na Salome pia analijua. Ukanda mzuri mama anautunza miaka na miaka. Mimi nikasimama pale kwenye ukungu, mtoto amepatikana, ninawahesabia watu kanda zao kichwani. Hivyo ndivyo nilivyo.

Tukashuka. Salome mbele akipapasa njia kwa fimbo ya Bibi, Eva nyuma yake, Marta mwisho, mimi mbele ya Marta. Kila kona ukanda ulilegea kidogo, maana yake Salome amesimama, na majina yakatajwa tena kutoka mbele hadi nyuma. Kila kona! Hakusahau hata moja. Mahali pamoja tulisikia mnyama mkubwa akipumua kwenye majani, ukanda ukalegea, tukasimama bila mtu kuambiwa asimame, hata mdogo wetu hakukohoa. Kisha ukanda ukakaza tena, tukaendelea.

Nataka nikumbuke hili nikiwa mzee. Muda wote huo hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama mimi. Hakuna aliyesema "mwalimu, tufanyeje". Nilikuwa mtu mmoja aliyeshika ukanda. Iliniuma, ndiyo, iliniuma kama mtu aliyesahauliwa kwenye sherehe yake mwenyewe. Na wakati huo huo nilikuwa nimefurahi kiasi kwamba nilikuwa natabasamu peke yangu kwenye ukungu, pua inatiririka, meno yanagongana.

Tulipotoka msituni, akina mama walikuwa wameshapanda mpaka kwenye mashamba ya mwisho. Walituona tukitoka mmoja baada ya mwingine, tumeloa chapachapa, tumeshikilia ngozi kama mbuzi wanaopelekwa mnadani, na kichwani hakuna kitu. Mama yake Salome ndiye aliyekuwa mbele, bila shaka. Mikono kiunoni.

"Majani yako wapi?"

Nilikuwa tayari kusema ni mimi. Nilishavuta pumzi kabisa. Salome akanitangulia. "Tumeyatupa, Mama. Mimi ndiye niliyewaambia watupe."

Mama yake akamtazama. Akatutazama sote, mstari mzima. Kisha macho yakamshukia kwenye ukanda wake mwenyewe, uliokuwa wa kwanza mkononi mwa binti yake, na fundo kubwa kwenye ncha yake, na akapiga kelele iliyosikika hadi misheni nadhani.

"Yesu wangu, kanda! Mmezifunga mbichi?"

Hapo hakuna aliyeuliza tena habari za majani. Ilikuwa mbio. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu, wote wakaingia humo, akina mama, wasichana, ukanda mrefu umebebwa kama chatu, na amri zinatoka kila upande: msiusogeze karibu na moto! Leteni pembe! Nani ana kucha? Wakakaa chini kwa wawili wawili, kila fundo na watu wake, wanavuta, wanauma kwa meno, wanachokoa kwa ncha ya pembe. Huku wanatugombeza bila kututazama. Mama yangu alikuwemo. Alinirushia jicho moja tu nikajua nitakiona baadaye.

Lakini watu wakikaa pamoja na kazi mikononi, maneno hayawezi kuwa ya ugomvi muda wote. Eva alikuwa amepakatwa na mama yake, amefunikwa shuka, na akaanza kusimulia. Alisimulia yote. Njia ya nyati, tita lililofumuka, namna alivyotuona tunapita. Aliposema, "niliogopa kuacha majani yako," mama yake akaacha kuchokoa fundo. Pembe ilibaki mkononi. Ng'ombe alisikika anacheua upande wa pili wa boriti.

Mama yake Salome akanigeukia. "Na wewe, mwalimu, ulikuwa wapi?"

"Nyuma, Mama."

"Ukafanya nini?"

"Sikufanya kitu, Mama. Nilishika ukanda kama wengine."

Wanawake wakacheka, wakacheka hasa, mmoja akajipiga mapaja, na nami nikacheka kwa sababu ilikuwa kweli. Mama yake Salome hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake, aliyekuwa ameketi karibu na mlango akifuta matope kwenye fimbo ya Bibi kwa pindo la gauni, gauni lenyewe limechanika pale Eva alipokuwa akivuta.

Mchungaji alifika akiwa ameloa naye, alikuwa ameanza kupanda kututafuta. Akainama mlangoni, akatutazama uso hadi uso, midomo ikienda taratibu kama anasoma majina. Alipofika kwa Eva alifumba macho kidogo. Akauliza nani aliyewaleta. Nikamwonyesha Salome, na Marta. Akasema, "Vema. Jumamosi ijayo basi," akashika njia yake. Mchungaji wetu ni mtu wa maneno machache, lakini niliona mikono yake safari hii haikuwa nyuma. Alikuwa ameishika pamoja mbele, kwa nguvu.

Kwa hiyo upande wake ukawa umekwisha. Ukabaki ule mwingine, mgumu zaidi, na huo ulikuwa umekaa kwenye kigoda na pembe mkononi.

Mafundo yalifunguka moja baada ya jingine. Kila mama aliyepata ukanda wake aliunyoosha, akaupaka siagi kidogo, akamchukua binti yake, akaaga. Hakuna aliyesema Jumamosi mtakwenda, hakuna aliyesema hamtakwenda. Mwisho tukabaki Salome na mama yake, mimi na mama yangu, na fundo moja. Fundo la ukanda wa mama yake Salome na ukanda wa mama yangu. Lilikuwa la kwanza kupigwa na ndilo lililovutwa zaidi, kwa sababu mzigo wote wa Salome kukaza na kulegeza ulipita hapo.

Mama yake Salome alilichokoa muda mrefu. Nilimwona ameanza kulilegeza. Kitanzi kimoja kilishatoka. Kisha akasimama, akalitazama, akakirudisha kile kitanzi mahali pake kwa kidole gumba, akalivuta likakaza. Akauning'iniza ukanda wote, mrefu, kwenye kigingi karibu na mlango.

Mama yangu akamwambia, "Utakauka hivyo, mwenzangu. Hautafunguka tena."

"Ukauke," akasema. "Jumamosi si watauhitaji?"

Salome aliinama akaendelea kufuta fimbo ambayo ilikuwa imeshakuwa safi zamani. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye migomba kidogo, maana sikutaka mama wa watu anione nikilia.

Bibi, sijui kama kifua chako kimepona huko uliko. Ningependa ungekuwepo. Mungu, asante kwa Salome na kelele zake. Asante kwa Marta aliyekataa nilichomchagulia. Asante kwa mama mwenye kidole kirefu, na kwa mama yangu mimi, aliyerudi nyumbani leo bila ukanda wake na hajalalamika.

Sasa hivi amenipita tena, safari hii akasema. Ameuliza majani atafungia nini wiki hii. Nimemwambia nitamsokotea kamba ya mgomba. Amecheka puani, akasema kamba ya mgomba haifiki hata mtoni.

Huko kwa Waarusha sijui kama kuna msichana yeyote atakayekubali kutembea nami bila kutumwa. Nitaanza na kukaa nyuma, labda.

Jumamosi ijayo watapanda, na sitakwenda nao. Nimeamua sasa hivi nikiandika. Nitabaki chini, nichukue mundu, nikamkatie mama yangu majani.